Ibada Mbili, Meza Moja: Shajara ya Mradi wa Kuuhuisha Usharika

Wiki ya 1

Baraza la wazee limetupa miezi minane na watu saba. Agizo lenyewe ni fupi: usharika, yaani kanisa letu la hapa, urudishiwe uhai wake. Mimi nimekabidhiwa kalamu. Nitaandika pale tu penye jambo la kuandikwa.

Hali tuliyoikuta ni hii. Tuna ibada mbili kila Jumapili. Watu wa ibada ya kwanza hutokea mlango wa mbele, na wa ibada ya pili hungojea mlango wa ubavuni, na wengi hawajuani hata kwa majina. Chanzo kinajulikana ingawa hakitajwi. Miaka kumi na moja iliyopita palizuka ugomvi juu ya fedha za jengo, na waliokuwa wakilalamika wakahamia ibada ya pili. Watoto waliozaliwa tangu hapo wamekua wakidhani ndivyo kanisa lilivyo.

Kikao cha kwanza kilileta mapendekezo tuliyoyazoea: mkutano wa injili wa siku tano, vipaza sauti vipya, mhubiri mgeni. Sina neno juu ya mikutano ya injili, mimi mwenyewe niliokoka kwenye mkutano wa namna hiyo. Niliuliza tu, hao watakaookoka tutawaleta kwa nani? Mgeni akiingia nyumba ambayo wenyeji hawasalimiani, hukaa ukingoni mwa kiti na kuondoka mapema. Tukanyamaza kitambo. Kisha mama mmoja wa ibada ya pili akasema, "Tuanze na daftari la washarika. Tuwajue kwanza hawa tulio nao."

Hilo ndilo lililopita.

Wiki ya 2

Daftari lina majina 312. Tumeyasoma moja moja kwa jioni tatu. Wapo marehemu ambao hakuna aliyewahi kuwaondoa, wapo waliohama, yupo dada aliyeandikwa mara mbili, kwa jina la kwao na kwa jina la ndoa. Tulipomaliza kusafisha yalibaki majina 241 ya watu walio hai na wanaofikika. Kati yao, 97 hawajaonekana ibadani kwa mwaka mzima au zaidi.

Tulizunguka meza tukiulizana: huyu alikwenda wapi, na yule je? Mara nyingi jibu lilikuwa "nadhani" au "nilisikia". Hakuna hata mmoja kati ya hao 97 aliyefukuzwa, na hakuna hata mmoja aliyefuatwa. Mchungaji aliomba tufunge kikao kwa toba, na tulifanya hivyo kwa magoti, kila mtu kwa sauti yake.

Wiki ya 4

Tumeanza kutembelea nyumba. Utaratibu tuliokubaliana ni wawili wawili, mmoja wa ibada ya kwanza na mwenzake wa ibada ya pili. Wazo hili lilipingwa mwanzoni, eti watu watashindwa kuzungumza njiani. Ni kweli, jozi mbili zilitembea safari nzima bila maneno. Lakini ukitoka kwa mgonjwa mliyemwombea pamoja, kurudi kimya kimya ni vigumu zaidi kuliko kwenda kimya kimya. Kwa maoni yangu nusu ya matunda ya ziara hizi yanapatikana barabarani, kabla na baada ya kubisha hodi.

Tulikuwa na maswali matatu. Tukuombee nini? Nini kilikufanya ukae mbali? Je, kuna mtu ungependa kupatana naye? La tatu tumeliondoa baada ya siku ya pili, kwa sababu lilisikika kama la mpelelezi. Pia tumeacha kuingia na daftari mkononi, na neno sadaka halitajwi hata kama mwenyeji amelitaja yeye.

Wiki ya 5

Lazima niliandike hili.

Jumamosi nilikwenda na mzee mmoja wa ibada ya pili kwa baba mmoja ambaye zamani alikuwa shemasi wetu. Alitukaribisha vizuri. Alipoulizwa kilichomweka mbali, aliingia ndani akatoka na barua. Alikuwa amelazwa hospitali kwa miezi minne, na katika miezi yote hiyo hakuona mtu wa kanisa. Aliporudi nyumbani alikuta barua ya kumkumbusha ahadi yake ya sadaka ya mwaka ambayo hakuwa ameimaliza. Alinipa niisome. Sahihi iliyo chini yake ni yangu.

Mwaka ule nilikuwa katibu wa usharika. Barua za namna hiyo nilikuwa nikizitia sahihi kwa mafungu, bila kusoma majina. Sikujua kwamba alikuwa mgonjwa, na kutojua kwangu ndilo kosa lenyewe, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kujua. Nilimwomba msamaha pale pale. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikumsukuma.

Njiani kurudi, yule mzee wa ibada ya pili, ambaye tulikuwa hatujazungumza tangu ugomvi wa jengo, alinishika bega. Tulitembea hivyo hadi tulipoachana.

Wiki ya 7

Nyumba 58 zimekwisha kufikiwa. Waliokaa mbali kwa sababu ya imani yenyewe kupoa ni wachache kuliko tulivyotarajia. Sababu zinazorudi ni ugonjwa, msiba ambao kanisa halikufika, aibu ya kukosa cha kutoa, na maneno yaliyosemwa kwenye kikao fulani cha zamani.

Jumatano mwinjilisti wetu alitusimulia habari za kijiji cha Herrnhut, na tangu hapo kikundi chetu kimebadilisha mpangilio wa kazi. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipewa hifadhi katika ardhi ya kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, huko Sachsen, Ujerumani, wakakijenga kijiji hicho. Wakaja na wengine wa mapokeo mengine, na kufikia 1727 kijiji kile kidogo kilikuwa kimejaa mafarakano ya mafundisho na ya watu. Zinzendorf akajitoa kwenye shughuli zake za serikali, akakaa kati yao, akawa anawaendea nyumba kwa nyumba. Tarehe 12 Mei 1727 wakatia sahihi mapatano ya namna watakavyoishi kama ndugu. Tarehe 13 Agosti walikusanyika kwenye Meza ya Bwana, yaani Ushirika Mtakatifu, katika kanisa la Berthelsdorf, na hapo walipatana kwa namna ambayo wao wenyewe waliiona kuwa kazi ya Roho Mtakatifu. Wiki mbili baadaye wanaume 24 na wanawake 24 wakaanza kuomba kwa zamu ya saa moja moja, usiku na mchana, na zamu hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1732 wakatuma wamisionari wao wa kwanza, watu wawili, hadi kisiwa cha St. Thomas katika Karibi.

Tazameni mfuatano wake: kutembeleana, mapatano, Meza, maombi, kisha kutumwa. Sisi kila mwaka tulikuwa tukianzia kwenye kutumwa, halafu tukishangaa kwamba hatuna nguvu.

Wiki ya 9

Kikao cha fedha za jengo. Kilichukua saa nne na nusu.

Tuliwaomba waliokuwa viongozi wakati ule na waliolalamika wakae pamoja mbele ya vitabu. Mweka hazina alivileta vyote, pamoja na risiti zilizokuwa kwenye sanduku ambalo halijafunguliwa tangu siku hizo. Mahesabu yalisomwa mstari kwa mstari. Fedha hazikuliwa. Zilihamishwa kutoka fungu la jengo kwenda kutengeneza paa lililokuwa likivuja, na uamuzi huo ulifanywa na watu watatu bila kuwaarifu washarika. Kwa hiyo waliosema "hatukuiba" walisema kweli miaka yote hii, na waliosema "mlituficha" nao walisema kweli. Kila upande ulikuwa ukijibu shtaka ambalo upande wa pili haukulitoa.

Kabla ya kikao Mchungaji alifungua Matendo ya Mitume 6. Nimeisoma sura hiyo tangu kipaimara na sikuwahi kuona alichotuonyesha. Wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema kwamba manung'uniko ni dhambi, wala hawakuwataka walalamikaji wathibitishe roho zao. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na ukiyatazama majina ya hao saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Yaelekea sana kwamba huduma ilikabidhiwa watu wa upande uliokuwa umesahauliwa. Na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea, idadi ya wanafunzi ikaongezeka sana.

Tulichofanya ni kile kile. Kamati ya fedha ina watu watano, na kuanzia sasa watatu watatoka kwa waliolalamika. Taarifa ya mapato na matumizi itasomwa katika ibada zote mbili kila mwezi, hata ikiwa na mistari sita tu. Mzee mmoja wa wale watatu wa zamani alisimama akaomba msamaha bila kuongeza "lakini". Wenzake wawili walikwisha kutangulia mbele za haki, akaomba na kwa niaba yao. Mama wawili walilia. Nami pia.

Wiki ya 10

Furaha ya wiki iliyopita isitudanganye. Wamo wawili kati yetu, mama wa kwaya na mama wa idara ya wanawake, ambao hawakupatana na hawataki kuitwa. Tulijaribu mara mbili. Mara ya pili tuliharibu zaidi, kwa sababu tuliyemtuma alikuwa rafiki wa mmoja wao.

Paulo aliwahi kuandika juu ya wanawake wawili wa Filipi: "Namsihi Euodia, namsihi na Sintike." Neno "namsihi" amelitumia mara mbili, kila mmoja na lake, kama mtu anayekataa kusimama upande wowote. Kisha anamwomba mwenzake wa karibu awasaidie. Anasema pia kwamba wote wawili waliishindania Injili pamoja naye. Hatuambiwi mwisho wake. Tumeamua kuacha kuwaita na kuendelea kuwaombea kwa majina, yote mawili katika sala moja.

Wiki ya 13

Vikundi vya nyumbani vimeanza, kumi na vinne, vya watu kumi hadi kumi na wawili. Tumevigawa kwa ujirani. Wengi walitaka vijana peke yao, wanandoa peke yao, ibada ya kwanza peke yao. Tulikataa kwa upole. Kijana anayekutana na vijana tu hataona jinsi mtu wa miaka themanini anavyomngojea Bwana.

Kuna jambo katika historia ya Wamethodisti ambalo lilinisaidia kuwaeleza viongozi kazi yao. Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, jumuiya ya John Wesley, mwanzilishi wao, ilikuwa na deni la nyumba ya ibada. Ikapendekezwa kila mtu atoe peni moja kwa juma. Mmoja akasema wengine ni maskini, hawawezi. Aliyetoa pendekezo akajibu apewe kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, atawapitia kila juma na kujazia walichokosa. Wengine wakafanya hivyo hivyo. Na walipokuwa wakipita kukusanya peni, wakaanza kuona watu wanaishije: nani mgonjwa, nani amerudi nyuma, nani hana amani nyumbani. Wesley alitambua mara moja kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu, na vikundi vile vikawa uti wa mgongo wa uamsho wao. Deni lilikuwa kisingizio tu cha kufika mlangoni.

Viongozi wetu hawakusanyi kitu. Kazi yao ni moja: kila mtu wa kikundi aonekane kwa macho, au sauti yake isikike, mara moja kwa wiki.

Wiki ya 15

Vikundi viwili vimekufa. Kimoja kilikosa mwenyeji. Kingine kiliumizwa na ulimi: dada alisema shida ya ndoa yake siku ya Alhamisi, na Jumapili akaisikia nje ya kanisa. Nimemtembelea na mwinjilisti. Amerudi kanisani, kikundini hajarudi, na ana haki. Kanuni iliyokuwa ya mdomo sasa inasomwa mwanzo wa kila mkutano: yaliyosemwa hapa yanabaki hapa, isipokuwa pale uhai wa mtu au usalama wa mtoto uko hatarini.

Wiki ya 17

Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, Januari 18 hadi 25. Lilianzishwa mwaka 1908 na Paul Wattson, wakati huo akiwa kasisi wa Kianglikana huko Marekani, na tarehe zake zinaishia siku ya kuongoka kwa Mtakatifu Paulo.

Tuliwaalika majirani wa makanisa mengine, Wakatoliki miongoni mwao, tukaomba pamoja jioni tatu. Kijana mmoja aliniuliza kwa nini tusishiriki pia Meza moja. Nilimjibu kweli: makanisa yetu bado hayajaafikiana juu ya hilo, na mimi naliona kuwa ni jeraha. Lakini nilimweleza pia habari za Augsburg, Ujerumani. Tarehe 31 Oktoba 1999 Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyopata kuwa mwenye haki mbele za Mungu, fundisho lile lile lililowatenga tangu karne ya 16. Wamethodisti waliliafiki mwaka 2006. Tamko halikudai kwamba tofauti zote zimekwisha. Lilisema kwamba katika kweli za msingi za fundisho hilo wanaafikiana, na kwamba hukumu za zamani haziyagusi mafundisho yalivyoelezwa humo. Miaka karibu mia tano, na watu wakaendelea kukaa mezani wakisoma. Sisi tunalalamikia kikao cha saa nne na nusu.

Lililobaki mkononi baada ya juma hilo ni zamu ya pamoja ya kuwatembelea wagonjwa. Jumanne ni yetu.

Wiki ya 20

Mjadala wa kuunganisha ibada. Baraza lilitaka tuziunganishe kabisa, iwe alama ya ushindi. Kikundi chetu kimeshauri tusifanye hivyo, na nataka sababu zibaki kwenye kumbukumbu.

Waefeso 4:3 inasema tujitahidi "kuuhifadhi umoja wa Roho katika kifungo cha amani." Kuuhifadhi. Umoja tumeshapewa, mwili mmoja, Roho mmoja, Bwana mmoja, ubatizo mmoja. Hatuutengenezi kwa kubadilisha ratiba. Wapo wanaofanya kazi za usiku ambao ibada ya mapema hawaiwezi. Wapo wazee ambao nyimbo za kitabu ndizo zilizowabeba kwenye misiba yao, na wapo vijana wanaomsifu Mungu kwa ngoma na gitaa kwa moyo ule ule. Kuwabana wote kwenye saa moja kungeleta picha nzuri na manung'uniko mapya.

Tulichokubaliana: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ibada moja, Meza moja. Jumapili nyingine ibada mbili kama kawaida, ila kwaya zibadilishane, na wahudumu wa mlangoni wachanganywe. Mlango wa ubavuni utafungwa. Wote watatokea na kuingilia mlango wa mbele, na kati ya ibada patakuwa na nusu saa isiyo na tangazo lolote.

Wiki ya 22

Familia tatu zimehama. Wamesema kanisa limekuwa la vikao. Tuliwatembelea, tukawaombea baraka huko waendako. Nimechoka wiki hii na nimeandika hivi kwa sababu ni kweli.

Wiki ya 25

Jumapili ya kwanza ya Meza moja. Ijumaa kabla yake tulikuwa na ibada ya toba, bila mahubiri marefu. Tulisoma Mathayo 5:23-24, yule aendaye madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake na kwenda kupatana kwanza. Wakristo wa kale walilichukua neno hilo kwa uzito: katika Didake, mwongozo wa kanisa wa nyakati za mwanzo kabisa, imeagizwa kwamba mwenye ugomvi na mwenzake asijiunge na kusanyiko mpaka wapatane, sadaka isije ikanajisika. Baada ya kusoma, Mchungaji aliketi tu. Watu wakaanza kuinuka wenyewe na kuendeana. Ilichukua muda mrefu. Watoto walikuwa wakitazama wazazi wao wakivuka kati ya viti.

Jumapili viti havikutosha, na sikuhesabu waliokuwapo. Yule baba wa barua alikuja. Alikaa safu ya mwisho, Mezani hakufika. Nilikuwa nimeshika kikombe na nilimwona. Baada ya ibada alinisubiri nje, akaniuliza zamu ya hospitali inapangwa na nani. Alisema yeye anajua siku za wiki zinavyokuwa ndefu mle ndani. Nimemwandika Jumanne.

Wiki ya 28

Taarifa ya fedha imesomwa kwa mara ya tano. Mtoto mmoja alikosoa jumla, na alikuwa sahihi.

Kati ya wale 97, tumewafikia 81. Waliorudi kukaa nasi ni 34, wengine wanapokea ziara na maombi bila kurudi, wanne wametuomba tusije tena, nasi tumeheshimu. Majina 16 hayajafikiwa. Nimeyagawa: sita kwa jozi ya mwinjilisti, matano kwa vijana, matano nitakwenda mimi na yule mzee kuanzia Jumamosi.

Zamu ya wagonjwa ya mwezi ujao nimeibandika mlangoni leo. Nilipomaliza ndipo nilipoona kwamba Jumanne ya pili nimewaweka pamoja mama wa kwaya na mama wa idara ya wanawake, jina moja chini ya jingine. Sikukusudia. Nilisimama na kalamu nikitaka kufuta, kisha nikaona wote wawili wamekwisha kupita, na kila mmoja ameweka alama ya tiki mbele ya jina lake.